Wa Tatu Kutoka kwa Ufa

Mjomba Thadeus hakuwa mtu wa Kiingereza. Alisoma mpaka darasa la sita, akashuka Voi kukata mkonge, akakaa huko miaka kumi na nane, na Kiingereza alichorudi nacho kwetu Mraru kilikuwa kile cha msimamizi wake tu, cha kuhesabu matita na kuambiwa rudia. Lakini alipopita miaka hamsini alipata neno moja ambalo lilimkaa mdomoni kama kokwa ya zambarau. Watu wa kwetu wakimtaja leo wanamtaja pamoja na hilo neno. Mix up.

Mimi ni mtoto wa dada yake na tunakaa boma moja. Mengi ya haya niliyaona. Yaliyobaki alimwambia mama yangu, Rita, jikoni, wakidhani niko mbali.

Juu ya boma letu, ukimaliza mashamba ya mbaazi, kuna mwamba mkubwa umetokeza mbele, na chini yake ni pakavu. Hapo ni ngomenyi ya ukoo wetu, mahali pa vichwa. Zamani, kabla kanisa halijashika watu wote, mzee akifa alizikwa nyumbani kwake, na udongo ukishamaliza kazi yake watu wa ukoo walifukua kichwa wakakipandisha huko juu, akakae na wenzake. Siku hizi tunazika kwa tenti na spika na simenti juu, hakuna anayefukua. Lakini wale waliopandishwa wako bado. Ni ishirini na watatu. Wameketi kwenye ukingo wa jiwe wakiangalia bonde, na kule chini kabisa ni Voi, mabati yanang'aa, na ukikaa sana unaona treni ikipita bila sauti.

Baba yake Mjomba ndiye alikuwa akiwatunza. Alipoona siku zake zimekaribia alimpandisha Mjomba huko siku saba mfululizo akamfundisha majina. Hakumfundisha kwa sura, maana mtu akishakuwa mfupa hana sura. Alimfundisha kwa mahali. Kwenye ule ukingo kuna ufa, pale jiwe lilipasuka, na hesabu yote inaanzia hapo. Wa kwanza kutoka kwa ufa ni fulani. Wa pili ni fulani. Wa tatu ni Mghendi. Na kule mwisho kabisa aliwekwa Mwandoe, ndugu yake Mghendi, kwa sababu hao wawili waligombania mfereji wa maji mpaka wakaacha kusalimiana, na watu wakasema tusiwakalishe karibu, watatusumbua.

Kwa hivyo Mjomba alijua mahali. Kichwa chenyewe hakukijua. Hiyo haikuwa shida, kwa sababu nani angewasogeza?

Alikuwa akienda asubuhi na panga yake, anafyeka njia, anafagia majani, halafu anasimama kwenye ufa na kuwaita mmoja mmoja, kama mwalimu na rejista. Akimaliza anashuka kunywa chai. Mama alimuuliza siku moja, yeye ambaye ni mtu wa kwaya, kama haogopi. Alisema hapana, ni kama kuingia kwa nyumba ya watu wamekaa tu, wametosheka, hawana neno na wewe. Hakuwa na mengi mengine. Mke wake alirudi kwao Wundanyi zamani na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Ile kazi ya huko juu ndiyo ilikuwa heshima yake. Wageni wakija, wanafunzi wa shule, wazungu waliochoka na ndovu wa Tsavo, walikuwa wakiuliza Thadeus yuko wapi.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Novemba, walikuja wanafunzi watatu wa chuo kikuu. Mkubwa wao alikuwa Abby, msichana mpole kutoka huko juu milimani, anayeongea Kidawida, lugha yetu, kuliko mimi. Walikuwa na kamera, futi, na karatasi ya vibandiko vya namba. Walitaka kupiga picha kila mzee pande zote.

"Vibandiko hapana," Mjomba akasema. "Hawa si mbuzi wa kupelekwa mnadani."

"Ni namba tu, anko. Inatoka."

"Hata ikitoka. Wewe babu yako ungependa abandikwe namba kwenye paji?"

Abby akafikiria. "Lakini tukiwatoa wote mara moja bila namba, si tuta-mix up?"

"Hiyo ni nini?"

"Mix up? Ni kuchanganya."

"Kama kimanga."

Abby alicheka. "Kimanga ni mix, anko. Unataka maharagwe na mihogo vikae pamoja, unaviponda. Mix up ni pale hukutaka. Umetia chumvi kwa chai ukidhani ni sukari, hiyo ndiyo mix up."

"Na watu je?"

"Watu pia. Ukiniita kwa jina la dada yangu, ume-mix up. Mzee ambaye kichwa kimemzunguka, hajui leo ni Jumanne ama Alhamisi, wanasema huyo ni mixed up. Na ukishikwa pamoja na wezi, na wewe ulikuwa unapita tu, unasema nilikuwa mixed up kwa hiyo maneno."

"Neno moja na linafanya kazi hizo zote," Mjomba akasema. "Lingekuwa kibarua wa mkonge lingekufa mapema."

Wakakubaliana hivi: watatandika turubai la bluu nje kwenye mwanga, kila mzee akae juu yake, na mbele yake karatasi yenye namba chini ya kijiwe. Kurudisha atarudisha Mjomba mwenyewe. Mikono ya wageni haitawagusa zaidi ya inavyolazimu.

Walipiga picha mpaka saa nane. Halafu mvua ikatoka nyuma ya mlima Mbololo bila kutoa habari. Ninyi mnaoijua mvua ya huku mnajua haianzi na matone. Abby na wenzake walikimbiza kamera. Mjomba alikimbiza wazee. Alibeba wawili wawili, kifuani, akiwafunika na koti, anaweka chini ya mwamba popote pana nafasi, anarudi. Vile vikaratasi viliondoka na maji. Nilimwona akiteleza akapiga goti, na hakuachilia aliowashika.

Mvua ilipopungua aliwapanga. Alikuwa na uhakika na wanane: mmoja alikuwa na tundu, mwingine mdogo kuliko wote, wengine alama kama hizo. Kumi na watano aliwaweka. Hiyo ndiyo namna pekee ya kusema, aliwaweka.

Abby alisogea, amelowa, nywele zimemwangukia usoni. "Anko, hatuja-mix up?"

Mjomba alijinyoosha. "No mix up," akasema, kwa Kiingereza, na wote wakacheka kwa furaha.

Kesho yake alipanda kama kawaida akaita majina. Aliporudi hakunywa chai. Alimwambia mama kwamba kule juu kulikuwa kama darasa ambalo kila mtoto amekaa kiti cha mwenzake na wote wamenyamaza wakimwangalia mwalimu, waone kama atajua.

"Si uwapange tena," mama akasema.

"Kwa kitu gani? Nitawapanga kwa alama gani, Rita?"

Mwezi wa tatu Abby alituma ripoti yao, karatasi nyingi zimebanwa pamoja, na picha. Zile za turubai zilikuwa zimeharibiwa na maji, kwa hivyo walilinganisha picha walizopiga kwa simu baada ya wazee kurudishwa na nyingine kuukuu, ya mgeni wa zamani, ambayo ilionyesha upande mmoja tu tena kwa mbali. Mjomba alikaa na ile ripoti kwenye jua siku nzima akifuatisha kwa kidole. Alipata sentensi moja. Ilisema kwamba some of the skulls appear to have been mixed up. Alinipa niisome kwa sauti, akaniuliza, "Hapo imesema ni nani?"

Nikaangalia tena. Nikamwambia haikusema mtu.

"Haikusema Thadeus?"

"Haijasema."

Aliikunja akaiweka ndani ya shati. Alitulia siku hiyo, hata alikula vizuri. Baadaye alimweleza mama alichokiona pale. Kwa Kiswahili, ukisema vichwa vimechanganywa, mtu anauliza vimechanganywa na nani. Ukisema vimechanganyika, anakuuliza vimechanganyikaje, vina miguu? Lakini hawa wenye Kiingereza wana neno ambalo linaingia, linaharibu, na linatoka bila kuacha alama ya mguu. There was a mix up. Basi. Kama mvua.

Kutoka hapo alilitumia kila mahali. Mbuzi wa jirani wakiingia kwa kunde, mix up. Fundi akimshonea suruali fupi, mix up. Alimtumia mama meseji iliyokuwa ya mtu mwingine, akapiga simu kueleza, "Rita, hiyo ilikuwa mix up." Watu walimcheka hapo dukani, na yeye alicheka. Lakini nilianza kuona kitu. Mtu akimwita kutoka nyuma, "Thadeus," hakuwa anageuka mara moja. Alikuwa anangoja kidogo, kama anayeona pengine ameitwa mwingine.

Mwezi wa nane akaja Nyanya Wakesho.

Nyanya Wakesho ni shangazi wa Mjomba kwa ukoo, ana miaka themanini na zaidi, mfupi, mkavu, na macho yake ni makali kama ya kuku. Alikuwa anahama. Binti yake Tryphena, anayekaa Changamwe huko Mombasa, alikuwa amesema mama yake hawezi kubaki Mraru peke yake. Kabla ya kwenda alitaka kuongea na babu yake. Babu yake ni Mghendi.

Alitueleza akiwa amekaa kwenye kigoda chetu, mikono juu ya mapaja.

"Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tunafundishwa dini. Mwalimu akauliza, nyumba gani bado ina vitu vya zamani, vya tambiko? Wenzangu wamenyamaza. Mimi nikainua mkono. Nilitaka asifu akili yangu. Nikasema babu yangu ana kiti chake na kibuyu, viko nyuma ya kitanda. Walikwenda wakavitoa wakavichoma, na babu amesimama hapo anaona. Halafu mtu akamwambia, ni mjukuu wako amesema."

"Alikupiga?" mama akauliza.

"Angenipiga ningekuwa nimepona. Hakunisalimia tena. Anasalimia mbuzi, mimi ananiruka. Mwaka uliofuata akafa. Baba zangu, na hao ni watu wa kanisa, wakamfukua kimya kimya wakampandisha. Alikuwa karibu wa mwisho kabisa kupandishwa. Mimi nimezaa sita, nimezika wanne. Mnanielewa."

Tulimwelewa. Kwetu hasira ya mtu wa damu yako haiachwi ikae. Ukimkasirikia ndugu, hata kama haki ni yako, unachukua kinywaji mdomoni, maji ama maji ya miwa, unakipuliza nje na kutamka mema, na hasira inatoka na yale maji. Hiyo ni kutasa. Usipofanya, hasira inabaki ndani yako, wewe huioni, na inamla yule uliyemkasirikia. Mghendi hakuitoa. Alikufa nayo, na Wakesho aliishi nayo.

"Nataka nimwambie mbele ya uso wake," alisema. "Nianze mimi kupuliza. Labda naye ataachilia."

Mama alimwangalia Mjomba. Mjomba aliangalia miguu yake.

Tulipanda saa nne asubuhi. Mama alimshika Nyanya mkono mmoja, mimi mwingine. Mjomba alitangulia na panga ingawa njia ilikuwa imefyekwa. Kwenye mteremko wa mwisho mama alimsogelea akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie." Alijibu, "Nitamwambia nikifika."

Tulifika. Nyanya alijifunga leso vizuri. Aliwaangalia wote kwa zamu, ishirini na watatu, na wao walikuwa wanaangalia bonde juu ya kichwa chake.

"Ni yupi?"

Ndege mmoja alikuwa analia kwenye mwiba, halafu akaacha. Mjomba alifungua mdomo.

"Wa tatu kutoka kwa ufa," akasema.

Hakusema uongo. Baba yake alimfundisha hivyo na hivyo ndivyo alivyosema.

Nyanya Wakesho alipiga magoti mbele ya wa tatu. Aliongea muda mrefu kwa Kidawida cha zamani, na mengine hata mama hakuyajua. Alisema kuhusu kiti. Alisema majina ya watoto wake wanne, na kila jina alingoja kidogo. Alisema alikuwa mtoto na alitaka kusifiwa. Halafu akachukua maji ya miwa kutoka kwenye chupa yake ya soda, akajaza mdomo, akapuliza, na matone yakaangukia ule mfupa yakateremka kwenye mashimo ya macho. Mjomba alikuwa amegeuka, anaangalia Voi.

Nyanya alishuka akiwa mwepesi. Alikataa kushikwa mkono. Usiku huo, kwa mujibu wa jirani yake, alilala mpaka jua likatoka, kitu ambacho hakijatokea kwa miaka. Alianza kula. Alimwambia kila mtu kwamba Thadeus ni mtu wa maana, ametunza wazee wa watu. Kila akisema hivyo, Mjomba alizidi kukonda.

"Amepona," mama alimwambia. "Liache hapo."

"Amepona kwa nani? Kuna mtu kule amebeba maneno yasiyo yake. Na kuna mwingine amekaa mahali, anasikia jina lake likiitwa, na anaona mjukuu wake amempa mgongo mara ya pili."

Angeliacha, nadhani, kwa woga tu. Lakini siku ya safari Nyanya Wakesho alituita kwake. Mizigo ilikuwa mlangoni, mwenye bodaboda anangoja kumpeleka stesheni. Alikuwa anakunywa chai kwa kikombe cha bati, na alimpa Mjomba daftari.

"Niandikie mahali anapokaa babu. Niandikie vizuri. Mimi nikifa, Tryphena na watoto wake watakuja kumsalimia kila mwaka. Nimewaambia."

Mjomba alishika kalamu. Ilikaa juu ya karatasi. Kisha akaiweka chini.

"Shangazi," akasema, "kulikuwa na mix up."

"Kulikuwa na nani?"

"Mix up. Huko juu. Wale wanafunzi walipokuja, mvua ikanyesha."

"Huyo Miksapu ndiye nani? Ni mmoja wa wanafunzi?"

"Si mtu, Shangazi. Ni neno."

"Neno limefanya nini?"

"Wazee wali... kulikuwa na mix up ya mahali pao."

Nyanya alimwangalia na yale macho ya kuku. "Muite huyo Miksapu aje aseme mwenyewe alichofanya. Wewe unahangaika kwa ajili yake kwa nini?"

Mwenye bodaboda alicheka huko nje. Mjomba hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya ile nyumba tupu na jasho linamtoka kama mtu anayekata mkonge.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilichanganya. Niliwabeba kwenye mvua nikasahau nani ni nani. Yule wa tatu simjui."

Nyanya aliacha kunywa. Kikombe kilikuwa mkononi.

"Yule niliyemwambia si babu yangu?"

"Anaweza kuwa. Anaweza kuwa mwingine."

"Anaweza kuwa Mwandoe?"

"Anaweza."

"Na ulijua nilipokuwa nimepiga magoti."

"Nilijua."

Nyanya Wakesho aliinua kikombe akachukua chai, akaibakisha mdomoni. Mashavu yalijaa. Sote tulielewa. Mama alishika mlango. Mjomba alimsogelea hatua moja na kuinamisha kichwa, kama mtoto wa kubatizwa, akangoja. Ukiwa na hasira na mtu wa damu yako na unasafiri, huwezi kuondoka nayo. Hakuna aliyejua hilo kuliko yeye.

Alimwangalia Mjomba, mashavu yamejaa, muda ambao siwezi kuupima.

Kisha akameza.

"Treni itaniacha," akasema, na akatoka.

Mjomba alibaki ameinama baada ya bodaboda kuondoka.

Miezi iliyofuata, Nyanya alipokuwa akipiga simu alikuwa anauliza kila mtu. Rita hajambo, mtoto hajambo, ng'ombe wa jirani amezaa? Mjomba anakaa karibu na simu, anasikia sauti yake, na jina lake mwenyewe halifiki. Akaacha kupandisha wageni. Alikuwa anasema amekatazwa na daktari kupanda, na daktari hakuwepo. Alipata kidonda mguuni kikakataa kufunga. Mbuzi wake wawili walikufa wiki moja. Mtu mwingine angesema ni ugonjwa wa mbuzi.

Baada ya Pasaka Tryphena alimpigia mama. Mama yake alikuwa anapotea. Anaamka na kutafuta mtoto wa kunyonyesha. Anamwita Tryphena kwa jina la dada yake aliyekufa. Kichwa kimechanganyika, alisema, wakati mwingine hajui yuko Changamwe.

Mjomba aliomba simu. "Mimi ananitaja?"

"Hapana, kaka."

"Hata kwa kukosea?"

"Hapana."

Akarudisha simu. Nilimsikia akimuuliza mama jikoni, "Akisahau ni nani alimkasirikia, hasira inakwenda wapi?" Mama alisema hajui, amuulize padri. Mjomba alisema padri atauliza mengi. Ijumaa alivaa shati la kanisani akashuka Voi, akapanda treni, yeye ambaye hajawahi kufika Mombasa. Alisema anawahi kabla hajafutika kabisa kwa kichwa cha yule mama.

Alirudi Jumapili. Mama alikuwa anasonga ugali. Mimi nilikuwa nje ya ukuta, kwenye kuni.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta amekaa mlangoni kwa kiti cha plastiki. Nikasema, Shangazi, ni mimi, Thadeus wa Mraru. Akaniangalia. Akaanza kutetemeka, Rita. Akasema, Babu. Babu, umekuja mbali hivi."

Mwiko ulisimama.

"Nikamwambia si babu, ni Thadeus. Hasikii. Tryphena akaniambia, usijali kaka, amekuchanganya na mtu. Alishuka kwenye kile kiti akapiga magoti kwenye simenti, na akaniambia yote. Kiti, kibuyu, mwalimu, mkono alivyoinua. Watoto wanne. Kama vile alivyosema huko juu, hakuacha hata moja. Hayo hayajachanganyika kwake. Halafu akanyamaza akaniangalia mdomo. Alikuwa ananingoja."

"Ukafanya nini?"

"Niliomba maji."

Mama alitoa mwiko akauweka kando.

"Nikapuliza. Nikamwambia, Wakesho, nimeacha. Kilichokuwa moyoni kimetoka, kaa na watoto wako salama. Nilisema kwa sauti ya mzee, hata sijui niliitoa wapi. Alilia kidogo. Halafu akaegemea ukuta akalala hapo hapo, mdomo wazi, kama mtoto."

"Basi amepata alichotaka."

"Amepata."

"Na wewe?"

Mjomba alijisogeza. Nilisikia kigoda kikilia chini yake.

"Nilikaa mpaka saa kumi na moja jioni. Nilisema akiamka atanijua. Akaamka, akanishika mkono, akaniuliza, Babu, umekula? Mimi hakuniona, Rita. Nilikuwa mbele yake siku nzima na hakuniona."

Mama aliepua sufuria. Aliniita nilete sahani, na nilipoingia Mjomba aliinua macho akaniangalia kidogo, kama mtu anayengoja kusikia atapewa jina gani.